Kifaranga, samaki pundamilia, panya au data? Kuchagua njia ya kuchunguza seli za sikio zinazoota upya

Kaka yangu alichomwa sindano za kifua kikuu sugu kwa miezi mingi. Mapafu yalipona, masikio yakaenda. Zilitangulia sauti nyembamba: mlio wa simu, filimbi ya trafiki, kicheko cha binti yake. Baadaye akawa anakaa nasi sebuleni akitusoma midomo. Miaka ikapita, nikiwa mwanafunzi wa biolojia Kampala, mhadhiri akatuambia kwamba kifaranga akipewa dawa ya jamii hiyohiyo hupoteza kusikia, kisha baada ya wiki kadhaa husikia tena, kwa kuwa sikio lake huotesha seli mpya. Niliandika sentensi hiyo daftarini nikaipigia mstari mara tatu.

Leo nafundisha maabara, na kila mwaka hunijia wanafunzi wawili watatu wenye hamu ileile. Wengi wamekwama kabla ya kuanza. Swali lao ni moja: "Mwalimu, nitumie mnyama gani?" Mmoja amesoma makala za samaki, mwingine ameambiwa na msimamizi wake kwamba bila panya hakuna jarida litakalomchapisha, wa tatu ana mjomba mwenye banda la kuku Mukono. Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili yao, na kwa yeyote anayepima njia hizi nne: kifaranga (pamoja na binamu yake kware), samaki pundamilia, panya wa maabara, na njia ambayo watu huisahau, yaani kutumia data zilizokwisha kuchapishwa bila kugusa mnyama yeyote.

Tuelewane kwanza kuhusu sikio

Sauti ikishavuka ngoma ya sikio hupokelewa na seli za vinyweleo, seli zilizobeba juu yake kishungi cha vijinywele. Vijinywele vikiyumba, vijitundu hufunguka, chaji za umeme huingia ndani ya seli, na neva hupeleka habari kwenye ubongo. Binadamu ana takriban 15,000 za seli hizi katika kila koklea, kile kiungo cha kusikia cha sikio la ndani kilichojiviringisha kama konokono, na zote huundwa kabla hajazaliwa. Ikifa moja, haina mrithi. Kelele huziua, umri huziua, na dawa za jamii ya aminoglikosaidi kama streptomisini, kanamisini, amikasini na jentamisini huziua pia. Mwaka 2019 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliiondoa kanamisini katika tiba ya kifua kikuu sugu, na vidonge vikatangulizwa. Jentamisini bado iko wodini, maana kwa mtoto mchanga mwenye maambukizi makali ya damu ni miongoni mwa dawa za mwanzo kabisa.

Kila seli ya vinyweleo imezungukwa na seli saidizi. Katika koklea ya mamalia aliyekomaa kazi yao ni kushikilia jengo. Kwa ndege, hizo ndizo mbegu. Seli ya vinyweleo ikifa hutemwa nje ya tabaka lake, na seli saidizi ya jirani hufanya moja kati ya mambo mawili: hujigeuza yenyewe kuwa seli ya vinyweleo bila kugawanyika, au hugawanyika na baadhi ya watoto wake wakawa seli za vinyweleo. Breki ya kazi hii ni mfumo wa ishara uitwao Notch. Kichocheo chake ni jeni Atoh1. Karibu kila utafiti wa eneo hili ni jaribio la kuelewa nani anaiachia breki hiyo, na lini.

Hadi katikati ya miaka ya 1980 ilifundishwa kwamba mnyama mwenye damu moto harudishi seli hizi. Mwaka 1987 Douglas Cotanche alionyesha vishungi vipya kwenye sikio la kifaranga lililoharibiwa na kelele, na mwaka huohuo Cruz, Lambert na Rubel wakaona dalili kama hizo baada ya jentamisini. Mwaka 1988 jarida la Science lilichapisha makala mbili: Jeffrey Corwin na Cotanche kwa vifaranga, Brenda Ryals na Edwin Rubel kwa kware waliokomaa. Zote zilitumia thimidini yenye alama ya mionzi, ambayo huingia tu katika seli inayonakili DNA yake, na alama hiyo ikakutwa ndani ya seli za vinyweleo. Seli zilikuwa zimezaliwa baada ya madhara.

Vigezo

Nitazipima njia zote nne kwa mambo yaleyale: ni kiungo gani kinachoota na kwa njia ipi, mnyama anapatikanaje na anatunzwaje hapa Uganda, utaonaje seli, utajuaje kwamba kusikia kumerudi, jeni zinaweza kuguswa kiasi gani, matokeo yako yana umbali gani na binadamu, na mwisho muda na vibali. Uzito wa kila kigezo unautia wewe mwenyewe, kwa kuangalia swali lako. Ninachowasihi wanafunzi wangu ni hiki: andikeni swali kwa sentensi moja kabla hamjamtaja mnyama.

Kinachoota, na jinsi kinavyoota

Kifaranga huotesha tena kiungo chenyewe cha kusikia. Kiungo hicho, papila ya basila, hakikujiviringisha kama konokono. Kimepinda kidogo kama ndizi, na kina seli za vinyweleo zipatazo 10,000. Upande mmoja hupokea sauti nyembamba, upande wa pili nzito. Dozi moja kubwa ya jentamisini huangamiza upande wa sauti nyembamba: ndani ya siku mbili hivi seli zinatemwa, kufikia siku ya tatu seli saidizi zimeanza kunakili DNA, na kuanzia siku ya nne au ya tano seli changa za vinyweleo zinaonekana. Njia zote mbili hutumika, na mwaka 2004 Roberson, Alosi na Cotanche walionyesha kwamba seli za kwanza kabisa hutokana na kujigeuza, kabla ya zile za mgawanyiko.

Kuna jambo jingine ndani ya kifaranga huyohuyo ambalo nadhani halipewi heshima yake. Kiungo cha mizani, utrikuli, hakingoji madhara. Hutengeneza seli mpya za vinyweleo kila siku, maisha yote, huku za zamani zikifa. Jørgensen na Mathiesen walilionyesha hilo mwaka 1988 kwa kasuku wadogo wa Australia. Maana yake ni kwamba unaweza kuchunguza kuzaliwa kwa seli bila kumpa ndege dawa yoyote ya kumdhuru.

Samaki pundamilia ana seli za vinyweleo sehemu mbili, ndani ya sikio na juu ya ngozi. Zile za ngozini ziko katika vifundo viitwavyo nyuromasti, vilivyopangwa kwenye mstari wa ubavuni. Mtazame ngege anayeuzwa Ggaba utauona mstari huo kwa macho, wake ukiwa umekatika vipande viwili. Kazi yake ni kuhisi mwendo wa maji, si kusikia. Samaki mchanga wa siku tano ana takriban seli kumi na kitu katika kila kifundo; ukimtia kwenye maji yenye neomisini zinakufa ndani ya saa moja, na baada ya siku mbili au tatu zimerudi. Hapa mgawanyiko ndio unaotawala: seli saidizi hugawanyika mara moja na watoto wote wawili wakawa seli za vinyweleo.

Panya aliyekomaa haoteshi kitu ndani ya koklea. Utrikuli wake hurudisha seli chache, za aina moja zaidi kuliko nyingine, na nyingi kwa kujigeuza. Panya mchanga wa siku chache bado ana uwezo mdogo, nao hupotea katika wiki ya kwanza. Kwa hiyo ukimchagua panya swali lako linageuka. Huulizi "inaotaje?", unauliza "kwa nini haioti, na inaweza kulazimishwa?"

Data haioteshi chochote, lakini imebeba picha za wote watatu. Maabara ya Stefan Heller katika Chuo Kikuu cha Stanford imesoma jeni zinazowaka ndani ya seli mojamoja za papila ya kifaranga, katika afya na wakati wa kufa na kuota. Maabara nyingine zimefanya vivyo hivyo kwa samaki na panya.

Kumpata na kumtunza

Hapa kifaranga ana faida ambayo mtafiti wa Ulaya angeionea wivu. Vifaranga wa siku moja wanauzwa kila wiki, na madume wa kuku wa mayai ndio wa bei ya chini zaidi kwa sababu mfugaji hawataki. Joto la nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza linapatikana hata umeme ukikatika. Wafugaji wetu huweka makaa kwenye chungu au sigiri, mradi moshi utoke nje. Chakula kipo, daktari wa mifugo yupo, chanjo ya kideri ipo. Kware anakomaa kwa wiki sita hivi na mayai yake huanguliwa kwa siku 17, dhidi ya 21 za kuku. Ukitaka ndege mzima badala ya kifaranga, kware ni bora kabisa kwa banda dogo.

Lakini kuna mitego miwili ambayo haimo katika makala za nje, na yote miwili imewahi kunigharimu. Wa kwanza ni sindano ya kituo cha kutotolea. Kuwachoma vifaranga wa siku moja jentamisini pamoja na chanjo ya Marek ni desturi inayojulikana katika biashara ya kuku. Dozi ni ndogo, ila kundi lako la ulinganisho likiwa limeshaonja dawa unayoichunguza, umejenga juu ya mchanga. Niliwahi kununua vifaranga mia moja bila kuuliza, nikaambiwa baadaye. Uliza kabla, na upate jibu kwa maandishi. Au nunua mayai yenye mbegu uyatotoe mwenyewe. Mtego wa pili ni jenereta. Banda likiwa ukuta mmoja na jenereta, ndege wako wanaishi ndani ya kelele usiyoipima, na kelele huua seli zilezile unazozihesabu.

Samaki pundamilia si wa kwetu. Asili yake ni Asia ya Kusini. Ukimpata kwa wauza samaki wa mapambo hujui ukoo wake, na ukitaka ukoo wa maabara utaagiza kwa kibali cha wizara inayosimamia uvuvi, Entebbe. Anataka maji ya nyuzi 28.5, yaliyochujwa, usiku na mchana. Kampala haifiki hapo bila kipashia joto, Kabale ndiyo kabisa. Akishatulia anakulipa vizuri: jozi moja hutaga mayai mamia, na baada ya siku tano una samaki wachanga wa kutosha jaribio zima. Vituo kama kile cha utafiti wa ufugaji wa samaki Kajjansi vina watu wanaojua maji kuliko sisi wa maabara. Ningeanza kwa kuzungumza nao kabla ya kununua tangi.

Panya wa maabara wapo katika vyuo vikuu vyetu kadhaa. Kuwapata si kazi. Kazi ni ukoo. Baadhi ya koo za panya hupoteza kusikia wenyewe wangali vijana, C57BL/6 ikiwa mfano maarufu, na usipojua umeshika ukoo gani utaidhania dawa yako imefanya kazi ya urithi.

Data inataka kompyuta yenye kumbukumbu ya kutosha, intaneti isiyokatika wakati wa kupakua, na mtu wa kukufundisha R au Python, lugha za kuandikia programu za kompyuta. Kampala sasa ina kituo cha bioinformatiki ndani ya Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza ya Makerere, kwa hiyo ujuzi huo hauko mbali kama ulivyokuwa.

Kuona seli

Samaki mchanga hapa hana mpinzani. Mwili wake ni kama kioo. Rangi kama FM1-43 huingia kwenye seli za vinyweleo zilizo hai tu, na ukiwa na hadubini ya floresensi unazihesabu mnyama akiwa hai, unamrudisha majini, unamhesabu tena kesho. Hakuna kisu.

Kifaranga yuko katikati. Papila yake hutoka nzima, kama uzi mfupi, baada ya mazoezi ya siku chache chini ya hadubini ya kupasulia. Kuzionyesha seli vizuri utahitaji kingamwili ya miosini VIIa kwa seli za vinyweleo, ya Sox2 kwa seli saidizi, faloidini kwa vishungi, na EdU kwa seli zilizonakili DNA. Vyote huagizwa nje, vyote hutaka mnyororo wa baridi usiokatika kati ya uwanja wa ndege na friji yako. Asiye na hivyo bado ana njia: vipande vyembamba vilivyopakwa rangi za kawaida za patholojia, kama walivyofanya waliotangulia mwaka 1987. Havitakuambia seli imetoka kwa njia ipi, lakini vitakuambia ipo au haipo.

Koklea ya panya mzima imefungwa ndani ya mfupa mgumu, ambao lazima ulainishwe kwa EDTA, kemikali inayoondoa kalsiamu, kwa siku kadhaa kabla ya kukatwa. Inafanyika. Inachosha.

Kujua kwamba kusikia kumerudi

Mwanafunzi akiniambia swali lake ni la kusikia, nambakiza kwa ndege au panya, kwa sababu mstari wa ubavuni hausikii. Unaweza kumpima samaki kwa kuangalia kama anajielekeza dhidi ya mkondo wa maji, na hicho ni kipimo kizuri cha seli zake, ila si kusikia. Sikio lake la ndani husikia, lakini faida ya kuonekana kwa urahisi utakuwa umeiacha ngozini.

Kwa kifaranga na panya kipimo rasmi ni mwitikio wa shina la ubongo: elektrodi tatu, spika, usingizi wa dawa, chumba kimya. Ni kanuni ileile ya mashine zinazopima watoto wachanga hospitalini. Kwa kifaranga kuna njia ya zamani ambayo haitaki elektrodi. Kifaranga aliye peke yake hulia mfululizo, na akisikia mlio mpya hunyamaza ghafla. Watafiti wa miaka ya 1970 na 1980 walipima usikivu kwa kunyamaza huko. Ukiwa na spika iliyosanifiwa, kipaza sauti na subira, unayo maabara.

Na hapa ndipo ndege wanaponigusa zaidi. Mwaka 1997 Robert Dooling, Brenda Ryals na Kazuchika Manabe walichapisha habari za kasuku wadogo waliofundishwa kuiga mlio maalumu, wakapewa kanamisini. Usikivu uliporomoka, sauti zao zikaharibika. Seli zilipoota, usikivu ulipanda kwa wiki kadhaa, ukibakiza upungufu kidogo kwenye sauti nyembamba, na ndege wakaweza tena kuitoa milio yao kwa usahihi. Kilichorudi kilikuwa mawasiliano. Bundi wa ghalani, yule ambaye wengi wetu tulikatazwa utotoni hata kumtaja usiku, ana habari yake pia: mwaka 2017 watafiti wa Oldenburg, Ujerumani, walionyesha kwamba usikivu wake hauchakai kwa uzee, na mmoja wa waliopimwa alikuwa na miaka 23.

Kwa panya mstari wa usikivu hulala chini na kubaki huko, isipokuwa tiba yako imefanya kazi. Hiyo ni nguvu yake: hakuna kupona kwa asili kunakochanganya hesabu. Data haipimi kusikia, na isilaumiwe.

Kugusa jeni

Panya na samaki wanaongoza. Jenomu ya panya ilichapishwa 2002, ya kuku 2004, ya samaki pundamilia 2013, lakini tarehe hizo hazisemi yote. Koo za panya zilizozimwa jeni hii au ile zinaagizwa kama bidhaa dukani, na kwa samaki mkasi wa CRISPR, zana ya kukata jeni, hudungwa kwenye yai la seli moja. Kuku waliobadilishwa jeni wapo, Taasisi ya Roslin ya Uskoti ikijulikana kwa kazi hiyo, ila kuwatengeneza ni mradi wa miaka. Kwa kifaranga wa kawaida utatumia dawa kwenye kiungo kilichokuzwa ndani ya sahani: DAPT, kwa mfano, huzuia Notch, na utrikuli uliotolewa huishi siku nyingi za kutosha kuona matokeo. Data, kinyume na inavyodhaniwa, hukusaidia hapa kabla ya wote, kwa kukuonyesha ni jeni ipi inastahili kuguswa.

Umbali hadi kwa binadamu

Msimamizi anayesisitiza panya ana hoja. Panya ni mamalia, ana kiungo cha Corti kama sisi, yaani tabaka la koklea lenye seli za vinyweleo za ndani na za nje, na seli saidizi zilizobobea kama nguzo. Papila ya kuku ina seli ndefu na fupi, na mpangilio wake ni tofauti. Mwaka 2005 kundi la Yehoash Raphael lilipeleka Atoh1 kwenye masikio ya simbilisi viziwi na kuona seli mpya. Mwaka 2013 kundi la Albert Edge liliizuia Notch ndani ya panya walioharibiwa na kelele na kupata nafuu kidogo ya kusikia. Kazi hizo zisingefanyika kwa kuku.

Lakini panya naye ana mtego wake. Panya huanza kusikia takriban siku ya 12 baada ya kuzaliwa, ilhali mtoto wa binadamu husikia angali tumboni. Kwa hiyo sikio la panya wa siku mbili lina umri wa kijusi cha binadamu, na tiba inayomwamsha huyo haijaahidi kitu kwa mzee wa Katwe aliyechomelea vyuma miaka thelathini. Dawa FX-322 ya kampuni ya Frequency Therapeutics ya Marekani ilitokana na kazi juu ya seli za panya wachanga. Februari 2023 iliachwa baada ya jaribio kwa watu kutoonyesha faida. Ukichagua panya, chagua aliyekomaa. Ujue pia kwamba panya mkomavu huvumilia aminoglikosaidi, hivyo kanamisini huambatanishwa na furosemaidi ndipo seli zife, na wanyama wengine hufa nazo.

Kifaranga na samaki wako mbali zaidi nasi kiukoo, ila wao ndio wenye jibu. Wanaonyesha jinsi kazi hii inavyokamilika, kuanzia seli saidizi hadi neva kuungana upya. Mimi huona pande hizi zinahitajiana, na ndiyo sababu data za wanyama watatu zikiwekwa bega kwa bega zinanivutia sana: jeni inayowaka kwa kuku na kuzimika kwa panya ni swali lililojiandika lenyewe.

Muda na vibali

Kwa samaki, jaribio moja ni wiki. Kwa kifaranga ni wiki mbili za seli, au miezi miwili mitatu ukifuatilia usikivu. Kwa panya hesabu miezi. Kabla ya yote kuna kamati ya maadili ya wanyama ya chuo, kisha usajili katika Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Anza foleni hiyo mapema. Kamati itakuuliza utapunguzaje maumivu na kwa nini idadi ni hiyo. Jibu la "wenzangu walitumia wengi" halitoshi, na halifai kutosha.

Kwa hali yako

Una mwaka mmoja wa shahada ya uzamili, hadubini ya kawaida, na bajeti inayotoka mfukoni: utrikuli wa kifaranga utakufikisha. Huna haja ya kumpa ndege dawa ya kumdhuru, swali la kuzaliwa kwa seli linabaki kamili, na uhaba wa vifaa hautakufanya udanganye. Ukiweza kupata EdU na saa chache za hadubini ya floresensi, kazi itakuwa imara zaidi.

Unachunguza mitishamba au kemikali mpya, unataka kujua kama inalinda seli dhidi ya neomisini au kanamisini: samaki. Kuna dawa nyingi za asili zinazochunguzwa nchini, na taasisi ya Wandegeya inayozitafiti imekuwapo kwa miongo mingi. Kipimo cha samaki kingewahudumia watu wengi kikiwekwa mahali pamoja, badala ya kila mwanafunzi kuhangaika na tangi lake. Kinachofaulu kwa samaki kipelekwe kwa kifaranga au panya kabla ya kusema lolote kuhusu kusikia.

Wewe ni daktari unayesomea masikio, pua na koo, lengo lako ni tiba: panya mkomavu, lakini pamoja na maabara mshirika yenye koo zinazojulikana na chumba cha kupimia. Bila mshirika, nakushauri uanze na data, uandike swali, ndipo utafute mshirika ukiwa na kitu mkononi.

Wewe ni wa tiba ya mifugo: kuku na kware ni uwanja wako, na lile suala la sindano ya jentamisini kituoni linaweza kuwa utafiti wenyewe. Kipimo cha kunyamaza kwa kifaranga hakina gharama kubwa, na wafugaji watataka kusikia matokeo.

Unajua kompyuta kuliko kisu, au dini au moyo wako haukuruhusu kuua mnyama kwa ajili ya jaribio: data. Tovuti ya gEAR inaweka pamoja data za sikio za wanyama mbalimbali, na kuzitazama ni bure. Tafuta tu mtu aliyewahi kuishika papila kwa mkono akusomee matokeo, maana jina la seli kwenye jedwali linaweza kukosewa.

Unafundisha sekondari Jinja au Arua na unataka wanafunzi waone sikio la ndege: kichwa cha kuku wa chakula kinatosha. Onyesha kifupa kimoja tu, kolumela, mahali ambapo sisi tuna vifupa vitatu. Papila ni ndogo mno kwa darasa, ila kifupa hicho wataishika hadithi yake.

Na kama umesoma hadi hapa kwa sababu wewe au mtu wako hasikii, hakuna kati ya njia hizi nne iliyokwisha kuwa tiba. Nenda upimwe usikivu sasa. Aliyebaki na seli kiasi husaidiwa na kifaa cha kukuzia sauti. Kipandikizi cha koklea huruka seli zilizokufa na kuigusa neva moja kwa moja. Na lugha ya ishara, ambayo Katiba ya mwaka 1995 inaagiza iendelezwe, hufundishwa kwa familia nzima. Kaka yangu alichelewa kuijifunza kwa sababu sisi tuliosikia tulichelewa. Ukianza tiba ya amikasini au sindano nyingine ya jamii hiyo, omba kipimo cha usikivu kabla ya dozi ya kwanza na kila mwezi baadaye, na ukisikia mlio masikioni mwambie muuguzi siku hiyohiyo.